Kabla hujagusa difu ya Mustang, tazama tairi

Vijana wanaoanza kazi kwenye gereji yetu hapa Ohio, na wengine wanaonipigia simu kutoka Texas na Minnesota baada ya kununua Mustang yao ya kwanza, karibu wote hufungua na swali moja: "Kaka, difu ipi ni imara?" Wanamaanisha yale magia ya nyuma yanayogawa nguvu ya injini kwa magurudumu mawili. Nami huwauliza gari limevaa tairi gani. Wengi hudhani nakwepa swali, lakini hapo ndipo jibu linapoanzia.

Nitazungumzia Mustang yenye injini ya lita 5.0 ya miaka ya 1987 hadi 1992, maana ndiyo niliyoifungua mara nyingi kuliko gari lolote. Ford waliitangaza kwa nguvu farasi 225 na msokoto, yaani nguvu ya kuzungusha, wa Nm 407 hivi. Gia ya kwanza ya giaboksi yake ya T-5 ni 3.35, na nyuma kuna difu ambayo krauni yake, ile gia kubwa ya duara inayozungushwa na gia ndogo iitwayo pinioni, ina kipenyo cha inchi 8.8. Nyingi zilitoka kiwandani na uwiano wa 2.73 au 3.08, yaani pinioni huzunguka mara hizo kwa kila mzunguko mmoja wa krauni.

Chukua kalamu. 407 mara 3.35 mara 3.08 ni karibu Nm 4,200 zinazoelekea kwenye shafti mbili za nyuma. Ukibadilisha krauni na pinioni ukaweka 3.73, unavuka 5,000. Sasa tazama upande wa pili. Tairi ya kawaida yenye nusu kipenyo cha sentimita 32, ikibebeshwa uzito wa nyuma wa gari hili kwenye lami kavu, huanza kuteleza msokoto ukifika karibu nusu ya huo 4,200. Unaobaki wote unageuka moshi. Ndiyo maana difu ya kiwandani huishi miaka na miaka hata chini ya dereva mwenye mguu mzito. Tairi inayoteleza ni fyuzi. Siku unapofunga tairi laini za mbio umeitoa fyuzi, na kitu kinachofuata kwa udhaifu ndicho kitakachokatika.

Kwa hiyo ukiwa na tairi za kawaida na gari la kwendea kazini, usiniulize habari za shafti za mbio. Badilisha oili, badilisha sili zinazovuja, halafu hizo fedha zipeleke kwenye breki.

Ukishaamua kufunga tairi zinazoshika, bado usikimbilie difu. Anza na bushi za mikono ya nyuma, zile raba za vyuma vinavyoishikilia ekseli kwenye gari. Bushi zikichoka, ukiachia klachi ekseli inajipinda, tairi inashika, inaachia, inashika tena, mara kadhaa ndani ya sekunde moja. Ukikaa ndani utadhani kuna mtu anapiga sakafu kwa nyundo. Kila inaposhika ni pigo kwenye meno ya krauni, na mapigo hayo huvunja vyuma ambavyo vingestahimili msokoto uleule ukija taratibu. Nimeshafunga difu mpya kwenye gari la namna hiyo kabla sijayajua haya, ikarudi baada ya wiki chache na meno mawili ya pinioni yamekatika. Bushi zingegharimu sehemu ndogo tu ya bei ya difu ile.

Baada ya hapo ndipo tunafika kwenye shafti, na hapa naomba usome polepole.

Kama umekulia karibu na Mlima Kitonga kama mimi, umeshaona lori limeegeshwa pembeni, utingo amefungua bolti za mwisho wa ekseli, anachomoa shafti iliyokatika kama mtu anayechomoa upanga alani, na magurudumu bado yamesimama yamebeba mzigo. Kwenye lori, gurudumu linakalia beringi zilizo juu ya nyumba ya ekseli yenyewe. Shafti kazi yake ni kuzungusha tu, ikikatika lori linakosa mwendo, basi. Mustang haiko hivyo. Shafti inazungusha, inabeba uzito wa gari, na kinachoizuia isitoke nje ni klipu ndogo yenye umbo la C iliyofichwa ndani ya difu. Shafti ikikatika nje ya klipu hiyo, gurudumu linaondoka na kipande cha shafti pamoja na dramu ya breki.

Nimeliona jambo hilo likitokea Jumamosi moja jioni kwenye mbio za robo maili. Gari la mteja wetu liliondoka vizuri, likainama upande wa kushoto, na gurudumu likalipita gari lenyewe likaenda kugonga ukuta. Mwendo ulikuwa bado mdogo, dereva akatoka mzima. Tulipofungua difu nilikisafisha kile kipande kilichobaki ndani nikakiweka mezani. Meno yake ya kwenye ncha inayoingia ndani ya difu, ambayo hupaswa kunyooka kama mistari ya daftari, yalikuwa yamejisokota kama kamba ya katani. Msokoto wa namna ile hautokei kwa siku moja. Chuma kilikuwa kikitoa habari kwa miezi na hakuna aliyekifungua kukisikiliza. Tangu hapo, kila shafti ninayofunga kwenye gari la mbio naichora mstari mmoja wa rangi nyeupe kutoka ncha hadi ncha. Nikiichomoa mwisho wa msimu na kuona mstari umepinda, shafti hiyo hairudi ndani.

Shafti za kiwandani za gari hili zina meno 28. Hatua inayofuata ni meno 31, na hiyo inaongeza kipenyo kutoka inchi 1.2 hivi hadi karibu 1.32. Unaweza kuona tofauti ni ndogo, lakini uwezo wa shafti kuhimili msokoto hupanda kwa kipenyo kilichozidishwa chenyewe mara tatu, kwa hiyo umepata nyongeza ya karibu theluthi. Sasa kosa la wageni, nimelihesabu mpaka nimechoka: mtu ananunua shafti za meno 31, anazileta gereji, na difu yake ndani ina gia za pembeni za meno 28. Haziingiliani. Shafti na difu hununuliwa pamoja, siku moja, kwa hesabu moja.

Kosa jingine linahusu Ford Explorer za 1995 hadi 2001. Ziko tele kwenye mayadi ya magari mabovu, zina krauni ileile ya 8.8, meno 31 na breki za diski, na watu huambiana kwamba ni zawadi. Difu yake ya ndani kweli ni zawadi. Shafti zake sivyo: difu ya Explorer haikukaa katikati ya gari, kwa hiyo shafti ya kulia ni fupi kuliko ya kushoto, na urefu wake haulingani na wa Mustang. Beba futi uende nayo yadi.

Gari likishakuwa la kasi, iondoe ile klipu ya C. Kanuni za NHRA, chama kinachosimamia mbio hizi Marekani, zinadai shafti maalumu na kizuizi chake kwa gari linalomaliza robo maili kwa sekunde 10.99 au pungufu, lakini mimi singengoja kanuni iniambie. Kuna vifaa vya kufunga kwa bolti mwishoni mwa ekseli. Kwenye gari la barabarani vimenisumbua kwa kuvuja oili kwenye kona. Napenda zaidi kukata ncha za nyumba na kulehemu ncha za difu ya Ford ya inchi 9, ambazo hushika beringi kwa nje. Kazi hiyo mpe fundi mwenye kifaa cha kunyoosha nyumba baada ya kulehemu, maana joto hulipinda bomba na sili zitakula upande mmoja.

Kuhusu difu yenyewe, ile ya kiwandani iitwayo Traction-Lok hubana shafti mbili zizunguke pamoja kwa diski ndogo, na diski huisha. Weka gia huru, weka vizuizi tairi za mbele, inua gurudumu moja la nyuma na ujaribu kulizungusha. Likizunguka kwa mkono mmoja bila ubishi, diski zimekwisha na sasa unaendesha difu ya kawaida isiyobana. Kuzibadilisha ni rahisi na kwa magari mengi kunatosha, ila usisahau ile dawa ya diski inayochanganywa na oili, la sivyo itatetemeka kila kona.

Kwa mtu anayetumia gari barabarani na kwenda uwanjani mara chache, ninachofunga ni difu za gia tupu, Torsen au Truetrac. Hazina diski za kuisha, zinapeleka nguvu kwenye gurudumu lenye mshiko kwa utulivu, na abiria hatajua kama zipo. Udhaifu wake ni kwamba gurudumu moja likiwa hewani kabisa, zinashindwa kulipa nguvu lile lililobaki chini. Difu loki ya Detroit ni ngumu mno, lakini inagonga na kusukuma gari kwenye kona, na barabara ikiwa na barafu, kama huku Ohio mwezi wa Januari, simshauri mgeni aifunge. Ile ya kuunganisha shafti mbili moja kwa moja ni ya gari linalobebwa kwenye trela.

Uwiano uchague kwa safari unazofanya. Kwa tairi ya mzunguko wa mita 2.04 hivi, gia ya tano ya 0.68, mwendo wa kilomita 110 kwa saa, 3.08 inakupa mizunguko 1,880 ya injini kwa dakika, 3.73 inakupa 2,280, na 4.10 inakupa 2,500. Mimi hufunga 3.73 na sijapata mteja aliyerudi kulalamika. Kumbuka pia kubadilisha kile kigia cha plastiki cha spidomita kwenye giaboksi.

Wengine watakwambia uitupe yote ununue ekseli ya inchi 9, ambayo Ford waliianza mwaka 1957. Ni nzuri, difu yake inatoka nzima kwa mbele na unaifanyia kazi mezani. Lakini pinioni yake imekaa chini sana, meno yanasuguana zaidi, na sehemu ya nguvu uliyoitafuta kwa gharama inageuka joto. Nguvu farasi zikiwa chini ya 500, 8.8 iliyofungwa vizuri inatosha.

Nasema iliyofungwa vizuri. Mwaka wangu wa kwanza nilipima nafasi kati ya meno ya krauni na pinioni, ikasoma milimita 0.25 ambayo iko ndani ya kipimo, nikafunga kifuniko bila kupaka ile rangi ya njano ya kuonyesha alama ya mguso. Gari lilitoka likiimba kila dereva alipoachia mafuta kwenye kilomita 90. Bosi alifungua, akapaka rangi, akazungusha: alama yote ilikuwa imekaa kwenye ncha za meno. Shimu ya pinioni, ile pete bapa ya chuma inayopanga pinioni ikae mbele au nyuma kiasi gani, ilikuwa nyembamba. Kipimo cha nafasi kinaweza kuwa sahihi huku pinioni imekaa mahali pasipo pake, na rangi pekee ndiyo inayokuonyesha. Na ile bushi laini inayobonyea kati ya beringi za pinioni, ukipitiliza kuikaza usiirudishe nyuma nusu mzunguko. Itupe, weka mpya, anza upya.

Gari likitoka, liendeshwe taratibu dakika 20, lisimame lipoe kabisa, halafu kilomita 800 za kwanza bila kukanyaga kwa nguvu. Kisha mwaga oili kwenye beseni safi na upitishe sumaku. Vumbi laini la kijivu linaloteleza kati ya vidole ni la kawaida. Ukihisi kitu kinachokwaruza kucha, fungua kifuniko siku hiyohiyo.