Wape watoto kazi ya sikukuu

Desemba ikikaribia, wazazi huku kwetu huanza kupiga hesabu: nauli ya kwenda ushago, nguo mpya, kuku, unga wa chapati. Mtoto wa miaka minne hana habari na hesabu hizo. Yeye anataka kuwa ndani ya shughuli, na mara nyingi anaambiwa akae kando asichafue nguo. Nalea watoto watatu hapa Kakamega, na kuhusu sikukuu nashikilia jambo moja: kila mtoto apewe kazi ya mikono iliyo yake, kazi ambayo isipofanyika sherehe yenyewe inapungukiwa, na irudiwe kila mwaka. Mapambo ya dukani ni mazuri, lakini watoto huyatazama asubuhi moja tu. Walichotengeneza wenyewe hukizungumzia hadi Pasaka.

Kazi yetu kubwa ni ngoma. Hapa ni nyumbani kwa isukuti, ngoma ya Waisukha na Waidakho, jamii mbili za Waluhya wa magharibi mwa Kenya, inayopigwa kwenye harusi, matanga, kuzaliwa kwa mtoto, hata mpirani. Hupigwa tatu pamoja, kubwa, ya kati na ndogo, zikisindikizwa na pembe na njuga za chuma. Mwaka 2014 UNESCO iliiweka katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka, kwa kuwa wanaoijua vyema wengi ni wazee na warithi wao ni wachache. Nilipofahamu hilo niliwatazama watoto wangu, mkubwa, wa katikati na mdogo, nikaona seti nzima iko mezani inakunywa uji.

Ngoma ya kweli huchongwa kwenye gogo na kuwambwa ngozi. Ya watoto inatoka kwa mikebe. Kifungua mimba huchukua ndoo ya mafuta ya kupikia ya kilo kadhaa, wa katikati mkebe wa maziwa ya unga, kitinda mimba mkebe wa kakao. Cha kuwambia ni tyubu. Nenda kwa fundi wa tairi, mwombe tyubu iliyotobokatoboka. Wengi hukupa bure au kwa bei ya kikombe cha chai. Ya pikipiki inatosha mikebe midogo, lakini ndoo inataka ya gari. Ioshe kwa sabuni na uikaushe, kisha kata duara linalozidi mdomo wa mkebe kwa vidole vinne kila upande. Zilizobaki zikate kamba nyembamba, zile blada ambazo watu wa boda hufungia mizigo.

Kuwamba ni kazi ya watu wengi, na uzuri wake uko hapo. Mimi navuta tyubu, wa katikati anabana mkebe kwa magoti, mkubwa anazungusha blada chini kidogo ya ukingo, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kitinda mimba kazi yake ni kupima. Anapiga kwa kidole, anainamisha sikio, anasema, "Bado." Tunavuta tena upande uliolegea. "Bado." Haturuhusiwi kufunga fundo mpaka aseme tayari, naye hana haraka. Mtoto wa miaka mitatu hawezi kukata wala kufunga, lakini sikio analo, na nyumba nzima inamsubiri. Ukitafuta kazi ya kumpa mdogo wako, tafuta ya namna hiyo, yenye uzito, wala si ya kumtuliza.

Mikebe huvishwa vipande vya gazeti kwa gundi ya unga. Koroga vijiko viwili vya unga wa ngano kwenye nusu kikombe cha maji baridi mpaka madonge yaishe, kisha mimina kwenye kikombe kimoja cha maji yanayochemka huku ukikoroga, uache kwenye moto mpaka uwe kama uji mzito. Tia chumvi kidogo. Itumie ndani ya siku mbili, maana ikichacha inanuka. Gazeti likauke juani siku nzima kabla ya kupakwa rangi. Hapo ndipo watoto husumbua, wanataka kupiga ngoma ikiwa bado mbichi. Anza kazi mapema basi, wiki ya kwanza ya Desemba, likizo ndefu ikiwa imewachosha na wewe pia.

Rangi tunazipata kutokana na Jamhuri. Kila tarehe 12 Desemba tunachora bendera, na bendera ya Kenya ni somo ambalo mikono inalishika haraka kuliko masikio. Nyeusi ni makaa yaliyotwangwa na kuchanganywa na gundi ileile. Nyekundu ni udongo wetu wa Kakamega uliochekechwa kwa kitambaa. Nyeupe ni chaki iliyosagwa. Kijani ndiyo yenye matatizo: maji ya mchicha hupendeza leo, baada ya siku chache yamekuwa kahawia, kwa hiyo hiyo nunua. Mtoto anapotwanga makaa huuliza kwa nini nyeusi ikae juu, nami namwambia ni watu wa nchi hii. Nyekundu ni damu iliyomwagika kutafuta uhuru, kijani ni ardhi, na mistari myembamba myeupe ni amani. Mkubwa siku moja aliuliza kwa nini amani ni nyembamba. Tulizungumza muda mrefu. Anajua pia kwamba uhuru ulikuja 1963 na jamhuri mwaka uliofuata, tarehe ileile. Rangi inayobaki inakwenda kwenye mikebe.

Kuna kazi nyingine ambayo siwezi kuifanyia mjini. Nyumbani kwa mama mkwe wangu jiko, ile nyumba ya kupikia, ni la udongo, na kabla ya Krismasi kina mama hulikandika upya kwa udongo na kinyesi cha ng'ombe, wakichora mawimbi kwa vidole. Watoto wamepewa ukuta wa nyuma. Kukhu, yaani bibi yao, anawachanganyia udongo mweupe kwenye karai, kila mmoja anapiga kiganja chake, na chini yake anachora anachotaka: ng'ombe, kuku, lori. Ukuta ukikandikwa mwaka unaofuata vyote vinafunikwa, wanaanza upya. Majirani fulani waliona ni uchafu kumwachia mtoto kinyesi cha ng'ombe. Maji na sabuni vipo, na kazi hiyo bibi zao waliifanya na mama zao. Mimi nataka wangu waijue kabla majiko yote hayajawa ya mawe.

Mti wa Krismasi usikusumbue. Tawi la msaiprasi kwenye ndoo ya kokoto, bisi zilizotungwa kwa sindano na uzi, nyota za maganda makavu ya mgomba, basi. Pika bisi mara mbili ya unazohitaji, maana nusu zitaliwa.

Idd nayo ina nafasi nyumbani, ingawa sisi ni Wakristo. Upande huu, hasa kuelekea Mumias, Waislamu wamekuwa majirani zetu vizazi na vizazi, na pilau hutufikia kila Idd. Sahani haipendezi kurudi tupu. Kwa hiyo watoto hukata mwezi na nyota kutoka kwenye boksi la sabuni, wakaandika "Idd Mubarak" kwa herufi za kwao, na kadi hiyo hukaa juu ya mandazi kwenye sahani inayorudi. Wanaipeleka wenyewe. Na Krismasi watoto wa upande wa pili huja kupiga ngoma.

Tahadhari chache. Vizibo vya soda, mbegu na vipande vya baluni visiachwe karibu na mtoto wa chini ya miaka mitatu, kwani atavipeleka mdomoni na vinaweza kumkaba. Ukingo wa mkebe ukunjwe kwa koleo au ufunikwe kwa kitambaa kabla mtoto hajaugusa. Gundi ya moto na kisu cha kukatia tyubu ni vya mtu mzima.

Nguvu zako zigawanye. Usijaribu kuanza yote haya mwaka mmoja. Chagua sikukuu moja na kazi moja, uone kama watoto wataidai mwaka ujao. Wasipoidai, iache bila majuto, tafuta nyingine. Na kama utachagua ngoma, kusanya mikebe kuanzia sasa, na uwe na mitatu au minne ya ziada. Krismasi binamu huja bila taarifa, na hakuna kinacholiza mtoto haraka kama kuwa peke yake asiye na ngoma.