Maswali na majibu: Sigaa ya uzito wa kati na kahawa yake

Safari hii karibu barua zote zinauliza kuhusu sigaa na kahawa, na nusu yake mmeandika "sigara". Sigara ni ile nyembamba ya karatasi. Sigaa ni majani ya tumbaku matupu, ndani mpaka nje. Tuzitofautishe, maana majibu yake si mamoja.

Nimeshauriwa nianze na sigaa ya uzito wa kati. Nichague ya kahawia iliyofifia, niache nyeusi?

Rangi haikwambii uzito. Hili nimelijibu mara nyingi na nitaendelea kulijibu, kwa sababu ndilo linalowaponza wengi. Jani la nje likiwa jeusi, mara nyingi ni kwa kuwa limechachushwa kwa muda mrefu na kwa joto zaidi. Ndilo liitwalo maduro, na aghalabu huacha utamu kidogo mdomoni. Ukali unakaa tumboni mwa sigaa. Mche wa tumbaku una ngazi zake: majani ya chini, volado, ni mepesi na hushika moto upesi, ya katikati, seco, ndiyo yenye harufu, ya juu, ligero, yamepigwa na jua zaidi, ni manene, huungua polepole na yana nikotini nyingi. Msokotaji akiegemea seco na kuweka ligero kidogo, sigaa inatoka ya kati. Kwa hiyo muulize muuzaji kilichomo ndani.

Halafu uzito si nguvu. Nguvu ni nikotini, unaisikia kichwani na tumboni. Uzito ni namna moshi unavyoujaza mdomo, kama maji yanavyotofautiana na maziwa. Ipo sigaa ya moshi mzito isiyokutikisa, na ipo iliyo nyepesi mdomoni ikakulaza kitini.

Robusto inanywewa na robusta, sivyo?

Sivyo. Robusto ni umbo la sigaa, urefu wa inchi 5 hivi na unene wa 50, yaani ukiigawa inchi moja sehemu 64, unene wake ni sehemu 50. Robusta ni aina ya kahawa, chungu na yenye kafeini karibu mara mbili ya arabika. Majina yamefanana tu.

Nikinywa kahawa, sigaa yangu inageuka kama nyasi zinazoungua. Kosa liko wapi?

Kwenye haraka. Umeandika mwenyewe kwamba unakunywa espreso mbili za vijiko vitatu vya sukari, na kwamba robusto unaimaliza kwa dakika 25. Umbo hilo linataka dakika 45 hadi saa nzima. Ukilivuta kila baada ya sekunde chache, moto unapanda, na tumbaku iliyopashwa kupita kiasi huwa chungu hata ingetoka kwa msokotaji bora kiasi gani. Vuta mara moja kwa dakika, basi.

Upande wa kahawa, iache ipoe kwanza. Ulimi uliobabuka hauonji. Tena tangu 2016 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani wameviweka vinywaji vinavyonywewa vikiwa juu ya nyuzi 65 katika kundi la vitu ambavyo huenda vinasababisha saratani, kwa sababu ya kuunguza umio. Wewe tayari unavuta tumbaku. Usiongeze na hili.

Sasa fanya hivi. Onja kahawa peke yake, nyeusi, bila sukari. Washa sigaa, uivute peke yake mpaka jivu lifike sentimita 2 hivi. Hapo ndipo unywe funda moja, umeze, usubiri, kisha uvute. Usichanganye moshi na kahawa mdomoni kwa pamoja, maana huko ndiko unakopoteza vyote viwili. Mara mojamoja upitishe moshi kidogo puani wakati wa kuutoa, taratibu, kwani sehemu kubwa ya tunachokiita ladha ni kazi ya pua. Utaanza kutambua mbao, karanga, ngozi, pengine kakao. Theluthi ya pili ya sigaa ndiyo tamu kuliko zote, kwa maoni yangu, na hapo kikombe kiwe bado na kahawa. Ya mwisho hukolea. Ukiona inachoma, iweke chini.

Kwa sigaa ya kati napendelea arabika iliyokaangwa wastani na kuchujwa. Kahawa iliyokaangwa mpaka ikawa nyeusi tii huizima ladha yake. Maziwa hulainisha, lakini hufunika pia. Sukari, samahani, siitetei.

Moshi niuvute hadi mapafuni?

Hapana, hapana, hapana. Moshi wa sigaa unashikwa mdomoni na kutolewa. Nikotini yake hupenya kwenye ngozi laini ya mdomo bila kufika kifuani. Ila msijidanganye kwamba kutomeza moshi ni kinga. Saratani ya mdomo, koo na umio inawapata wavuta sigaa pia, na sigaa moja kubwa inaweza kuwa na tumbaku sawa na pakiti nzima ya sigara. Anayevuta moja kwa nadra na anayevuta kila siku hawabebi hatari sawa, lakini hakuna kiasi kilicho salama. Msivute chumbani penye watoto. Asiyevuta, asianze kwa sababu ya safu hii.

Niliwasha asubuhi kabla ya kula, na kahawa mkononi. Nikatokwa jasho baridi na kutaka kutapika. Sigaa ilikuwa mbovu?

Sigaa haina kosa. Ni nikotini juu ya tumbo tupu, na kafeini ikachochea moyo. Likikupata tena, zima, kaa penye hewa, kunywa maji. Usivute kabla ya kula.

Rafiki yangu anachovya kichwa cha sigaa kwenye kahawa. Nimwige?

Usimwige. Jani hulowa, kifuniko cha jani kwenye ncha ya mdomoni kinafumuka, na moshi hupita kwa shida.

Njiti zimeniishia. Mshumaa au kiberiti cha petroli vitafaa?

Utaonja nta au petroli mpaka mwisho. Tumia gesi ya butani au njiti ya mbao, na uiache baruti ya njiti iishe kuungua kabla ya kuisogeza.

Sigaa ikizimika katikati, niitupe?

Kama haijapita saa moja hivi tangu izimike, iwashe tena. Pangusa jivu, pasha ukingo wake ukiuzungusha juu ya moto, kisha puliza moshi wa zamani utoke kabla ya kuvuta. Ikilala mpaka kesho, itupe, na kahawa ya jana uimwage pamoja nayo.