Kutoka petroli kwenda sola: pampu ya shamba Kahe

SWALI: Mhandisi, habari za kazi. Nalima ekari mbili za vitunguu na nyanya huku Kahe, Moshi. Namwagilia kwa pampu ya petroli ya inchi 3. Kiangazi maji ya kisima hushuka hadi mita 9 na pampu inashindwa kuvuta, kwa hiyo naishusha kwenye kijukwaa humo humo kisimani. Mafuta yamenichosha, nataka sola. Fundi mmoja ameniandikia paneli, inverta na betri nne. Mwingine anasema sola kwetu ni hasara kwa sababu ya mawingu ya Juni na Julai. Nimsikilize nani?

JIBU: Ndugu yangu, kabla hatujafika kwenye sola, itoe hiyo pampu kisimani leo. Moshi wa injini ya petroli una kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, na ndani ya shimo haina pa kutokea. Mtu huishiwa nguvu kabla hajajua kuna hatari, na anayeshuka kumwokoa naye huanguka hapo hapo. Kama maji hayafikiki injini ikiwa juu, bora kitunguu kinyauke.

Pampu inashindwa kwa sababu inachofanya ni kutoa hewa bombani tu. Mgandamizo wa hewa ya nje ndio unaopandisha maji. Kwa mwinuko wa kwenu, ukivuka mita 7 usitegemee kitu. Unachohitaji ni pampu ya kuzama, inayokaa ndani ya maji na kuyasukuma kwenda juu. Ipo ya umeme wa DC, yaani ule ule unaotoka kwenye paneli bila kupita kwenye inverta, inayokuja na kidhibiti chake, na inaunganishwa na paneli moja kwa moja.

Kwa hiyo betri nne za fundi wa kwanza achana nazo. Ndizo zinazokufa mapema kuliko kifaa kingine chochote cha sola, na shamba halihitaji umeme usiku. Kinachofaa kuwekwa akiba ni maji: tenki, au bwawa dogo la turubai sehemu ya juu ya shamba. Tenki la lita 10,000 likijaa lina tani 10, usilipandishe kwenye mbao.

Sasa tupige hesabu. Mazao yako kiangazi yanataka kama milimita 5 za maji kwa siku. Ekari mbili ni mita za mraba 8,000 na ushee, hivyo ni lita 40,000. Ukitumia mipira ya matone weka 45,000. Kwa mifereji utahitaji karibu mara mbili, ndiyo maana nakusihi fedha ya betri iende kwenye matone. Kupandisha lita 1,000 kwa mita 1 kunataka wati-saa 2.7. Kisima ni mita 9, maji yatashuka tena kama mita 3 pampu ikifanya kazi, na kuyafikisha tenkini pamoja na msuguano wa bomba tuseme mita 8. Jumla mita 20. Zidisha 45 kwa 20 kwa 2.7, unapata wati-saa 2,430. Pampu na mota hupoteza zaidi ya nusu, basi paneli zitoe kama 5,500 kwa siku. Nikichukua saa 4 tu za jua kamili, yaani jua la mchana kutwa likikusanywa kuwa kama lile kali la saa sita, na kuondoa sehemu ya tano kwa ajili ya vumbi na joto la paneli, inakuja wati 1,700. Paneli 5 za wati 400 zinatosha.

Hizo saa 4 nimeziweka chini makusudi, kwa sababu ya mawingu aliyokutishia fundi wa pili. Huko juu Kibosho au Marangu ningekubaliana naye kidogo, lakini Kahe ni tambarare na jua lipo. Tena siku ya mawingu na baridi mmea nao hunywa kidogo. Jua linalokausha shamba ndilo linaloendesha pampu, na sioni kazi nyingine inayoendana na sola vizuri kuliko kumwagilia.

Usinunue chochote kabla ya kupima kisima. Sola itavuta lita 6,000 au 7,000 kwa saa, kuanzia saa 3 asubuhi hadi saa 10 jioni. Fundi aje na pampu ya kuzama na jenereta, jenereta likae mbali na mdomo wa kisima. Mfungulie maji kiasi cha kujaza pipa la lita 200 kwa dakika mbili, na kila nusu saa shusha kamba yenye jiwe na mafundo kila mita uone maji yamefika wapi. Yakiendelea kushuka bila kutulia, kisima hakiwezi. Nunua pampu ndogo zaidi.

Paneli zielekee kaskazini, yaani mlimani, kwa mwinamo wa nyuzi 10 hadi 15 ili mvua izioshe. Paneli 5 zikiungwa mfululizo hupita volti 150 za DC, na hizo zinaua. Weka swichi ya kukatia.

Limebaki jambo ambalo hukuliuliza, nami linanisumbua kila nikiona paneli mpya shambani. Bei ya petroli ilikuwa inakulazimisha kuzima pampu. Jua halikudai kitu, na wengi wakishafunga sola huacha maji yatiririke mchana kutwa. Maji ya ardhini ya Kahe ndiyo yanayochipuka Miwaleni na kuingia mto Ruvu, kisha bwawa la Nyumba ya Mungu. Hapo yanazungusha mitambo ya megawati 8, na chini zaidi Hale megawati 21 na maporomoko ya Pangani megawati 68. Tukiyamaliza huku juu, tumekula umeme mwingine usiotumia mafuta. Chukua kibali cha kutumia maji Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani, ofisi iko hapo Moshi mjini, maana kisima cha kumwagilia kinakihitaji. Funga dira ya maji kwenye bomba la kutokea kisimani, na kidhibiti kiwe na swichi ya kuelea tenkini, inayozima pampu tenki likijaa.