Antigone aliadhibiwa kwa lipi hasa?

Umeuliza kama Antigone, katika tamthilia ya Sophocles ya Ugiriki ya kale, aliadhibiwa kwa kumzika kaka yake au kwa kuwa mwanamke. Mimi naona Creon, mfalme wa mji wa Thebes, anajifichua mwenyewe. Amri yake ilikuwa moja: Polyneices, kaka huyo aliyeishambulia Thebes, asizikwe, aliwe na ndege na mbwa. Binti akaenda kuimwagia maiti vumbi, akakamatwa, na wala hakukana. Akamwambia mfalme usoni kwamba amri ya binadamu haiwezi kuzipiku sheria za miungu zisizoandikwa. Creon akajibu kwamba binti huyu akiachwa bila adhabu, basi mwanamume ni yeye, si mimi. Baadaye akamwambia mwanawe Haemon, mchumba wa binti huyo, kuwa heri kuangushwa na mwanamume kuliko kuitwa dhaifu kuliko wanawake. Sasa hayo yanahusiana nini na maiti? Hata Ismene alishamwonya dada yake Antigone mapema kabisa: sisi ni wanawake, hatukuumbwa kupigana na wanaume.

Kichekesho ni kwamba Sophocles alipouonyesha mchezo huu Athens, yapata 441 KK, Antigone aliigizwa na mwanamume aliyevaa kinyago.