Kiindonesia kwanza, Kijava taratibu

Mdogo wangu, umeuliza ujifunze lugha gani kabla ya kwenda kusoma Yogyakarta, Indonesia, kwa kuwa wanafunzi wenzako wa huko wanachanganya Kiindonesia na Kijava, lugha ya wenyeji wa huko, hadi unapotea.

Anza na Kiindonesia. Nchi ile ina lugha zaidi ya 700, na tangu Kiapo cha Vijana cha tarehe 28 Oktoba 1928, vijana walipoapa kuienzi lugha moja ya umoja, hiyo ndiyo lugha inayowaunganisha. Wewe Mswahili una mtaji tayari: dunia ni dunia, kamusi ni kamus, karatasi ni kertas, na wakisalimiana husema "apa kabar", yaani habari gani. Vitenzi havibadiliki kwa nafsi wala wakati, hilo litakufurahisha.

Ila usibaki na Kiindonesia cha vitabuni. Kitabu kitakufundisha "tidak", yaani hapana, vijana watakwambia "nggak". Uliza, andika kwenye daftari, tumia siku hiyohiyo.

Kijava kina ngazi za heshima, na hapa uwe mwangalifu sana. Ngoko ni ya marafiki. Krama ni ya wazee na wageni. Ukimsemesha mama mwenye nyumba kwa ngoko uliyoiokota kwa wenzako, utaonekana huna adabu. Hata vijana wengi wa Kijava, wakihofia kukosea krama, humgeukia mzee kwa Kiindonesia. Fanya hivyo hivyo, ukiongeza "nggih" ya kuitikia na "matur nuwun" ya kushukuru. Hayo mawili yajue kabla hujapanda ndege.