Maswali ya wafugaji: banda kavu kwanza

Nina banda moja tu. Kuku walale humo pamoja na mbuzi?

Si vizuri. Kuku hupanda kulala ukingoni mwa hori, na asubuhi majani yamejaa kinyesi; mbuzi ni mchaguzi, hayagusi. Kibaya zaidi ni chakula cha kuku: mbuzi akikifikia atabugia nafaka mpaka tumbo lichachuke, hata afe. Tenganisha kwa ukuta, hata wa fito, na mlango wa kuku uwe mdogo mbuzi asipenye.

Mbuzi wangu huchechemea kila mvua zikianza. Nawatibu, wanapona, wanarudia tena.

Utatibu mpaka uchoke ikiwa wanalala kwenye tope. Ukwato uliolowa hulainika, na vijidudu huingia katikati ya vidole. Inua sakafu juu ya nguzo, mita 1 hivi, ili upate kupita chini kuzoa samadi. Wengi hujenga chini mno kwa kuokoa mbao, samadi ikapanda mpaka ikagusa sakafu, na shida ikawa ileile. Nafasi kati ya ubao na ubao iwe sentimita 1.5 hadi 2: kinyesi kianguke, mguu usinase. Vitoto vichanga wawekee kona ambayo mbao zake hazina nafasi kati yake, yenye nyasi kavu. Na kwato zilizorefuka zikatwe. Hizo ndizo zinazoficha uchafu.

Usiku kuna baridi, nikaziba madirisha ya banda la kuku kwa magunia. Sasa wanapiga chafya.

Toa magunia leo. Kuku ana manyoya yake. Baridi kavu huistahimili, ila si mvuke wa kinyesi. Alfajiri chuchumaa ndani, pua iwe usawa wa kuku. Macho yakikuwasha, wao wamekesha humo. Ziba upande wa upepo hadi juu ya vichanja tu, acha wazi chini ya paa, ondoa matandazo yaliyolowa. Wakianza kuvimba uso au kufa, hilo ni la daktari wa mifugo.

Bata na kuku?

Mchana, sawa. Usiku watenge: bata humwaga maji kila mahali.

Ndama nimtenge na mama yake lini?

Hata siku ya kwanza, mradi amekunywa dang'a, maziwa ya kwanza ya mama yake yenye kinga, mapema, ndani ya saa 6 tangu azaliwe. Kadiri saa zinavyopita, kinga ambayo utumbo wake hupokea hupungua, na baada ya siku nzima karibu haupokei kabisa. Asipoweza kusimama kunyonya, kamua umnyweshe kwa chupa.