Lime ya dawa ya zabibu: ndimu au chokaa?

Ndugu, umeuliza neno la Kiingereza lime kwenye maelezo ya dawa ya ukungu ya mizabibu lina maana gani: ni chokaa. Ukitia maji ya ndimu kwenye mrututu (chumvi ya shaba ya rangi ya buluu) utachoma majani, maana kazi ya chokaa humo ni kuzima ukali wa shaba.

Waingereza ndio wametuvuruga. Lime ya chokaa ni neno lao la kale, mwanzoni kitu cha kunata, kama ulimbo wa kutegea ndege. Lime ya tunda asili yake Kiarabu, lima. Halafu kuna mti wa Ulaya uitwao lime, usiozaa ndimu, ambao jina lake halihusiani na yote mawili.

Kwa bomba la kupulizia la lita 20: mrututu gramu 200, chokaa iliyozimwa (iliyokwisha kutiwa maji) gramu 200. Yeyusha mrututu kwenye lita 10 za maji, ndoo ya plastiki, kwani chuma kinaliwa. Koroga chokaa kwenye lita 10 nyingine, kisha mimina mrututu humo taratibu ukikoroga. Chovya msumari safi dakika moja: ukitoka na rangi ya shaba, ongeza chokaa. Chuja kwa kitambaa, la sivyo pua ya bomba itaziba. Pulizia siku hiyohiyo. Ikilala inaganda chini. Na vaa miwani, chokaa haina urafiki na macho.